Columbia Rediviva na mlango wa mto: uchambuzi wa kisa cha Mei 1792

Kisa kinachochambuliwa hapa ni uamuzi wa Robert Gray, nahodha wa merikebu ya biashara iliyoitwa Columbia Rediviva, wa kuipitisha merikebu hiyo katikati ya mawimbi yaliyokuwa yakivunjika juu ya mafungu ya mchanga, asubuhi ya tarehe 11 Mei 1792, na kuingia katika mto mkubwa ambao mabaharia wa Hispania na Uingereza walikuwa wameupita kwa miaka 17 pasipo kuuingia. Mto huo unaingia Bahari ya Pasifiki mahali ambapo leo majimbo ya Washington na Oregon ya Marekani yanapakana. Wachinook na jirani zao walikuwa wakiishi kando yake, wakivua na kufanya biashara humo tangu enzi na enzi, kwa hiyo hakuna haki ya kusema kwamba Gray aliuvumbua. Alichokuwa ni nahodha wa kwanza wa merikebu ya kigeni ambaye maandishi yanathibitisha kwamba alivuka fungu la mlangoni na kutia nanga ndani. Aliupa mto jina la merikebu yake, akakaa humo siku 9, akatoka, na hakurudi tena maishani mwake.

Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama habari ya ushujaa wa nahodha aliyethubutu pale wakubwa waliposita. Sikubaliani na masimulizi hayo. Ukiufuata mtaji uliompeleka Gray huko, shehena aliyobeba na mahali alipokwisha kuharibu uhusiano na wenyeji, unaona kwamba aliingia mtoni kwa sababu alikuwa na haja ya ngozi za wanyama, na kwamba haja hiyohiyo ndiyo iliyomtoa kabla hajaujua mto wenyewe. Njaa ya mfanyabiashara ilitenda kazi ambayo majeshi ya majini ya madola mawili, Hispania na Uingereza, hayakuitenda, ila iliitenda nusu tu, na gharama yake haikulipwa na wenye merikebu peke yao.

Mtaji wa Boston

Vita vya uhuru wa Marekani vilipomalizika mwaka 1783, wafanyabiashara wa Boston walijikuta na merikebu bila masoko, kwa kuwa Uingereza ilifunga bandari za makoloni yake ya Karibi mbele ya merikebu za taifa jipya. Mwaka 1784 merikebu Empress of China iliondoka New York kwenda Canton, bandari ya China, na iliporudi mwaka uliofuata ilionekana wazi kwamba biashara ya chai ingeweza kuwalipa Wamarekani. Tatizo lilikuwa bidhaa ya kupeleka, maana Wachina hawakuwa na haja kubwa ya vitu vilivyotengenezwa Boston, na fedha taslimu ilikuwa adimu. Jibu lilitoka katika taarifa rasmi ya safari ya tatu ya James Cook, iliyochapishwa mwaka 1784: mabaharia wake walikuwa wamepata ngozi za fisimaji wa baharini huko Nootka, kwenye pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika, mwaka 1778 kwa vitu vidogovidogo, na baadaye wakaziuza Canton kwa bei iliyowashangaza wao wenyewe.

Watu sita wakaunganisha mtaji, wakiongozwa na Joseph Barrell, na miongoni mwao alikuwamo Charles Bulfinch, ambaye baadaye angejulikana zaidi kama msanifu majengo. Waligawa shughuli yote katika hisa 14 za dola 3,500 kila moja, jumla dola 49,000. Walinunua merikebu ya milingoti mitatu yenye urefu wa futi 83 na uzito wa kiasi cha tani 212, ikiwa na mizinga 10, wakaikarabati na kuiongezea jina la Rediviva. Kuifuata walitoa slupu, yaani merikebu ndogo ya mlingoti mmoja, iliyoitwa Lady Washington, ya tani zipatazo 90, ambayo ingeweza kuingia katika hori nyembamba ambazo Columbia isingeziweza. Mkuu wa safari na nahodha wa Columbia alikuwa John Kendrick, na slupu alipewa Gray, aliyekuwa mdogo kwake kwa kiasi cha miaka 15. Merikebu hizo ziliondoka Boston mwishoni mwa Septemba 1787, zikiwa na medali zilizochongwa mahususi ili zigawiwe njiani.

Safari hiyo ya kwanza inahitaji kuelezwa hapa kwa kadiri fulani, kwa sababu hasara yake ndiyo iliyozaa uamuzi wa mwaka 1792. Kendrick alikuwa mzito wa kuamua. Alikaa muda mrefu mno katika visiwa vya Cape Verde na Falkland, na matokeo yake merikebu zilifika Rasi ya Horn, ncha ya kusini ya Amerika Kusini, wakati wa dhoruba na zikatenganishwa. Columbia ilijikokota hadi kisiwa cha Juan Fernández, ambako gavana wa Hispania, Blas González, alimruhusu Kendrick kukarabati na kuchota maji; kwa wema huo gavana huyo alipoteza kazi yake, kwani wakubwa wake hawakutaka kuona bendera ngeni katika Pasifiki waliyoihesabu kuwa yao. Ilipofika Nootka mnamo Septemba 1788, watu wawili walikuwa wamekwisha kufa kwa kiseyeye na msimu wa biashara ulikuwa umepita. Ikabidi majira ya baridi yote yapotee.

Halafu kulikuwa na shehena yenyewe. Wenye hisa walikuwa wamepakia vioo vya mfukoni, vikopo vya tumbaku ya kunusa, zumari ndogo za kupigia mdomoni na hata mitego ya panya, wakidhani kwamba wakazi wa pwani ile wangepokea chochote. Watu wa Nuu-chah-nulth na Wahaida walikuwa wafanyabiashara wazoefu waliojua wanachokitaka: chuma na shaba. Mhunzi wa merikebu akalazimika kufua patasi kutokana na vyuma vilivyokuwamo. Mwaka 1789, katika kijiji kimoja cha Wahaida, Gray alipata ngozi 200 za fisimaji kwa patasi 200, moja kwa moja. Hadithi hiyo hupendwa sana na wanaotaka kuonyesha ujanja wa Wamarekani, lakini bei ile haikudumu hata misimu miwili. Kadiri merikebu zilivyoongezeka, wenyeji walipandisha bei na kudai nguo, shaba, na hatimaye bunduki. Ni soko lililokuwa likijifunza upesi kuliko wale waliokuja kulitumia.

Mwaka huohuo wa 1789 Nootka ilikumbwa na mgogoro wa madola: Esteban José Martínez, afisa wa Hispania, alizikamata merikebu za Waingereza na kuziacha za Wamarekani. Katikati ya mwaka Kendrick alibadilishana merikebu na Gray, akabaki na slupu, naye Gray akaichukua Columbia pamoja na ngozi zote kwenda Canton kupitia Hawaii. Ngozi ziliuzwa kwa dola zaidi kidogo ya 21,000, na karibu nusu ya fedha hizo ikaliwa na ukarabati, ada na gharama za bandari. Kilichobaki kilinunua chai, na sehemu kubwa ya chai hiyo iliharibiwa na maji ya bahari njiani. Columbia iliingia Boston mnamo Agosti 1790, baada ya kutembea maili 41,899 kwa hesabu ya nahodha, ikiwa merikebu ya kwanza ya Marekani kuizunguka dunia. Mizinga ililia, Gavana John Hancock akafanya karamu, na kijana wa Hawaii aliyeitwa Attoo, aliyekuja na merikebu, akatembezwa mitaani akiwa amevaa joho la manyoya ya ndege. Wenye hisa walipofunga hesabu wakakuta hasara, na wawili kati yao wakauza hisa zao.

Hapa ndipo mzizi wa kisa ulipo. Waliobaki hawakukata tamaa. Waliitayarisha Columbia kwa haraka isiyo ya kawaida, na kabla ya wiki nane kupita tangu irudi, Gray alikuwa tena baharini. Aliondoka akiwa na mabaharia wapatao 50, shehena iliyochaguliwa kwa akili zaidi, yenye shaba, chuma na nguo, na maagizo ya kutowadhulumu wenyeji. Lakini aliondoka pia akijua, bila kuhitaji kuambiwa, kwamba safari ya pili isiyo na faida ingekuwa mwisho wa kampuni hiyo na pengine mwisho wake yeye kama nahodha.

Clayoquot

Columbia ilifika katika ghuba ya Clayoquot, kwenye kisiwa kinachoitwa leo Vancouver, mapema mwezi wa Juni 1791. Biashara ya kiangazi ilikwenda vizuri katika sehemu nyingine na vibaya katika sehemu nyingine. Mnamo Agosti, kaskazini zaidi, watu watatu wa merikebu waliokuwa wametoka na mashua kwenda kuvua waliuawa, na tangu hapo Gray akawa mtu wa kushuku kila mtumbwi. Kwa majira ya baridi alirudi Clayoquot, akajenga nyumba ya magogo iliyoitwa Fort Defiance, na mafundi wake wakaunda slupu mpya ya tani zipatazo 45, Adventure, kwa mbao walizopasua palepale.

Mwezi wa Februari 1792 Attoo aliwaeleza mabaharia kwamba chifu Wickaninnish, mkuu wa watu wa Tla-o-qui-aht, alikuwa amemshawishi ailoweshe baruti ya merikebu ili ishambuliwe. Shambulio halikutokea. Sababu za uadui, kama ulikuwapo, hazikuwa ngumu kuziona: katika miezi iliyotangulia Gray alikuwa amewahi kumkamata ndugu wa chifu na kumshikilia mateka ili arudishiwe Attoo aliyekuwa ametoroka. Mwishoni mwa Machi, merikebu ikiwa tayari kuondoka, Gray aliamuru kijiji cha Opitsaht kichomwe moto. Wenyewe walikuwa wamekwisha kukihama. John Boit, msaidizi wa tano wa nahodha, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 17, ndiye aliyetumwa kutekeleza amri hiyo, na aliandika katika batli yake, yaani daftari la kumbukumbu za safari, kwamba kijiji kilikuwa na nyumba zaidi ya 200, zenye milango na nguzo zilizochongwa kwa ustadi, na kwamba alisikitika nahodha wake kuacha hasira impeleke umbali huo. Kazi ya vizazi vingi iliteketea kwa muda mfupi. Mwaka 2005 wazao wa Gray walikwenda huko kuwaomba radhi watu wa Tla-o-qui-aht.

Wako waandishi wanaoieleza Opitsaht kama doa la pembeni katika safari njema, kisha wakaendelea na habari ya mto. Kwangu mimi mambo haya mawili yako katika hesabu moja. Gray alikuwa amejifungia mlango wa Clayoquot kwa mkono wake mwenyewe. Slupu Adventure, chini ya Robert Haswell, aliipeleka kaskazini. Yeye na Columbia wakashuka kusini mnamo Aprili, kuelekea pwani ambayo merikebu za biashara zilikuwa zikiipita tu. Nahodha aliyetaka ngozi, na ambaye habari zake zilikuwa zimeenea vijijini, alihitaji watu ambao hawakuwahi kukutana naye. Haya ni maoni yangu kutokana na mfuatano wa matukio, lakini sioni maelezo mengine yanayoufaa mfuatano huo vizuri zaidi.

Waliopita

Mto wenyewe haufichiki. Unamwaga baharini kwa wastani maji zaidi ya mita za ujazo 7,000 kila sekunde, na unayabadili maji ya bahari rangi mbali na pwani. Ugumu uko mlangoni. Mkondo wa mto unakutana uso kwa uso na mawimbi makubwa yanayotoka katika Pasifiki nzima, na mchanga unaobebwa na mto unatua hapo na kuhamahama, hivi kwamba njia iliyokuwa na kina mwaka huu huweza kuwa fungu mwaka ujao. Maji yakipwa huku upepo ukivuma kutoka magharibi, mawimbi husimama kama ukuta kutoka ncha moja hadi nyingine, na mtu aliye baharini haoni mlango bali mstari mweupe usio na pengo. Mwaka 1811 merikebu Tonquin ilipoteza watu wanane hapo kabla hata haijaingia, na mwaka 1841 Peacock, merikebu ya jeshi la majini la Marekani, ilivunjika kwenye fungu la kaskazini. Kuta za mawe za kuituliza njia zilianza kujengwa mwaka 1885.

Wa kwanza kuandika habari zake alikuwa Bruno de Heceta wa Hispania, tarehe 17 Agosti 1775. Aliona ghuba na akahisi nguvu ya mkondo, akakisia kwamba ni mlango wa mto mkubwa au mkono wa bahari, lakini mabaharia wake walikuwa wamedhoofika kwa kiseyeye kiasi kwamba wangetia nanga wasingeweza kuing'oa. Akaenda zake. Mnamo Julai 1788 John Meares, mfanyabiashara wa Kiingereza, aliutafuta mto ambao Heceta aliukisia. Bildi, yaani kamba yenye uzito ya kupimia maji, ilionyesha kina kikipungua haraka, mbele kukawa na mawimbi matupu, naye akahitimisha kwamba hakuna mto, akaiita ncha ya kaskazini Cape Disappointment, jina ililo nalo hadi leo.

Halafu akaja George Vancouver, na hapa inafaa kutua kidogo. Vancouver alipita mbele ya mlango tarehe 27 Aprili 1792 akiwa na merikebu mbili za jeshi la Uingereza, Discovery na Chatham. Aliandika wazi kwamba maji ya bahari yalikuwa yamebadilika rangi na kuwa ya mto, akayaeleza kuwa matokeo ya vijito vinavyoingia katika ghuba, akaona kwamba uwazi huo haustahili kushughulikiwa zaidi, akaendelea kaskazini-magharibi. Siku mbili baadaye, karibu na mlango wa bahari wa Juan de Fuca, alikutana na Columbia, akawatuma Peter Puget na Archibald Menzies kwenda kuzungumza na nahodha wake. Gray aliwaambia kwamba alikuwa amekaa siku 9 mbele ya mlango wa mto, kwenye latitudo ya nyuzi 46 na dakika 10, na kwamba mkondo wa kutoka ulikuwa na nguvu mno hata hakuweza kuingia. Vancouver aliyasikia hayo na hakugeuka.

Ni rahisi kumlaumu Vancouver, na wengi wamemlaumu, lakini lawama hiyo haina uzito mkubwa. Kazi aliyopewa ilikuwa kupima pwani ndefu na kutafuta njia ya maji ambayo merikebu kubwa ingeweza kuipita kwenda ndani ya bara kuelekea upande wa Atlantiki. Mlango ambao merikebu kubwa haiwezi kuuvuka ila kwa bahati ya hali ya hewa haukuwa jibu la swali hilo, hata kama nyuma yake kulikuwa na mto. Aidha, upepo ulikuwa ukisukuma kuelekea pwani, na nahodha wa jeshi anayekwamisha merikebu ya mfalme juu ya mchanga kwa ajili ya udadisi hujibu mbele ya baraza la kijeshi. Gray alikuwa na swali jingine kabisa: wapi kuna watu wenye ngozi, na wapi pana maji tulivu ya kutia nanga wakati wa kununua. Kwa swali hilo mto wa maji baridi wenye watu kando yake ulikuwa jibu kamili, hata kama usingefika popote. Wote wawili waliona maji yaleyale yaliyobadilika rangi. Kila mmoja aliyapima kwa haja iliyomleta.

Siku 9 ndani

Baada ya kuachana na Waingereza, Gray aligeuza omo kusini tena. Tarehe 7 Mei aliingia katika ghuba ambayo leo huitwa Grays Harbor. Watu wa hapo walikuja kufanya biashara, na usiku uliofuata mitumbwi ilipoikaribia merikebu gizani na kutosimama ilipoonywa, Gray alifyatua mizinga. Mtumbwi mmoja uliokuwa na watu wasiopungua 20 ulisambaratishwa. Boit aliandika kwamba alisikitika, ila hakuona namna ya kuliepuka jambo hilo kwa usalama. Huenda walikuja kushambulia, huenda walikuja kufanya biashara ya usiku. Nahodha ambaye wiki kama sita nyuma alikuwa amechoma nyumba 200 kwa ajili ya shambulio lisilotokea hakuwa katika hali ya kungoja kujua.

Usiku wa tarehe 10 alitoka humo, na alfajiri ya tarehe 11 akauona mlango aliokuwa akiutafuta, uko kama ligi sita mbele yake. Batli yake inaeleza tendo lenyewe kwa maneno machache: saa mbili asubuhi, akiwa kidogo upande wa joshi wa mlango, yaani upande upepo unakotoka, aliigeuza merikebu na kukimbilia ndani kuelekea mashariki-kaskazini-mashariki katikati ya mawimbi yaliyokuwa yakivunjika, kina kikiwa pima tano hadi saba. Boit anaongeza mambo ambayo nahodha hakuyaandika: mashua ilitangulizwa mbele kupima njia, merikebu ikafuata ikiwa imepunguza matanga, na kina kilianzia pima tatu na nusu. Tofauti hiyo ya pima moja na nusu si ndogo kwa merikebu yenye shehena inayopanda na kushuka juu ya mawimbi, nami namwamini zaidi kijana aliyeandika kina kidogo.

Kwa upande wa ubaharia, huu haukuwa mchezo wa kubahatisha. Gray alikuwa ametazama mlango huo kwa siku nyingi mwezi uliotangulia, alijua mkondo unavyotoka, alijiweka upande wa joshi ili upepo umsaidie kuingia na si kumsukuma kwenye fungu, na alituma mashua. Merikebu yake ilikuwa ndogo kuliko Discovery. Yote haya ni maandalizi ya mtu anayeijua kazi yake, na heshima hiyo anastahili kupewa bila kuongezewa ushujaa wa kubuni.

Walipokwisha kuvuka waliukuta mto mpana wa maji baridi. Saa saba mchana walitia nanga katika pima 10, mlango ukiwa nyuma yao maili kama kumi, na mitumbwi mingi ikaja kuwazunguka. Katika siku zilizofuata mapipa ya maji yalijazwa, merikebu ikasafishwa na kupakwa rangi, na biashara ikaendelea kwa amani. Wachinook walileta samoni, wawili kwa msumari mmoja, pamoja na ngozi. Boit alihesabu ngozi 150 za fisimaji wa baharini, 300 za biva, yule mnyama wa mtoni ajengaye mabwawa, na mara mbili ya idadi hiyo za wanyama wengine wa nchi kavu. Aliandika pia kwamba kwa maoni yake mto huo ungefaa sana kwa kituo cha biashara, na wazo hilo la kijana wa miaka 17 lilikuja kutekelezwa na wengine mwaka 1811, Astoria ilipoanzishwa.

Tarehe 14 Gray alipanda mto maili 12 hadi 15 zaidi, akafuata njia isiyokuwa njia, merikebu ikagota mchangani. Ilinasuliwa bila madhara, na hapo upelelezi wake ukaishia. Siku iliyofuata alishuka nchi kavu kwa mashua kuitazama nchi kwa muda mfupi. Hakutuma mashua kupanda zaidi, hakupima kingo, hakuuliza maandishini mto unatoka wapi. Ulikuwa na urefu wa takriban kilomita 2,000 naye aliona sehemu yake ya mwisho tu. Ninavyoelewa, sababu ni ileile iliyomleta: ngozi zenye thamani kubwa Canton zilikuwa za fisimaji wa baharini, ambaye hapandi mto, na kila siku ya Mei iliyopotea ilikuwa siku ambayo nahodha mwingine alikuwa akinunua kaskazini. Tarehe 19 aliupa mto jina la Columbia, ncha za mlangoni akazipa majina ya Hancock na Adams, na tarehe 20 jioni alikuwa nje ya fungu.

Nani alikuwa na haki ya kusema aliufikia

Columbia iligonga mwamba kaskazini muda mfupi baadaye na kulazimika kwenda Nootka kukarabatiwa, ambako Juan Francisco de la Bodega y Quadra, mkuu wa Wahispania, aliwasaidia. Gray alimwachia ramani ya mkono ya mlango wa mto, na kupitia kwa Quadra ramani hiyo ikamfikia Vancouver. Mnamo Oktoba 1792 Vancouver alirudi. Discovery haikuweza kuvuka, lakini William Broughton aliingia na Chatham, kisha akapanda kwa mashua kiasi cha maili 100, akapima na kuandika kila kona kama alivyofunzwa, na akaitwaa nchi kwa jina la mfalme wake. Alidai kwamba Gray hakuuingia mto kwa maana halisi, kwa kuwa sehemu aliyofika ni ghuba tu na mto unaanzia juu zaidi.

Gray aliuza slupu Adventure kwa Wahispania kwa ngozi, akaenda Canton, akafika Boston mnamo Julai 1793. Safari hii haikuwa na hasara kama ya kwanza, ingawa utajiri uliotarajiwa haukuonekana. Hakuchapisha lolote. Wenye hisa hawakuwa na sababu ya kuwatangazia washindani wao mahali penye ngozi, na serikali ya Marekani haikuuliza. Merikebu iliendelea na kazi kwa miaka michache, kisha mwanzoni mwa karne ya 19 ikavunjwa.

Suala likafufuka wakati nchi iliyozunguka mto ilipogombaniwa. Mwaka 1816 Bulfinch, mmoja wa wenye hisa, alinakili kurasa za batli ya Gray za tarehe 7 hadi 21 Mei 1792. Ilikuwa bahati kubwa, kwa kuwa batli halisi ya siku hizo ilipotea baadaye na nakala hiyo ndiyo iliyobaki. Batli ya Boit nayo ilikuwa na neno lake: pale anapoeleza kushuka nchi kavu pamoja na nahodha kuitazama nchi, maneno ya kwamba waliitwaa nchi hiyo yameongezwa baadaye, kwa wino tofauti na ule wa sentensi nyingine. Nadhani nyongeza hiyo inasema mengi juu ya watu waliokuja baadaye wakihitaji dai, na hainipi sababu ya kuamini kwamba Gray mwenyewe alifikiria kutwaa chochote isipokuwa ngozi.

Mwaka 1818 Marekani na Uingereza zilikubaliana kuitumia nchi hiyo kwa pamoja, na katika mazungumzo ya mwaka 1826 wawakilishi wa Uingereza walishika hoja kwamba Gray alikuwa mfanyabiashara binafsi, asiyetumwa na taifa lake, na kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kulipatia taifa haki ya ardhi. Hoja hiyo ni nzito kuliko Wamarekani walivyopenda kukiri. Gray hakuwa na agizo la serikali la kupeleleza, hakupima, hakuchapisha, na aliondoka akiwa na nia ya kwenda kwingine. Lakini Waingereza nao walikuwa na udhaifu wao, kwa sababu Broughton aliingia kwa ramani ya Gray, katika mto ambao mkuu wake alikuwa ameuandika kuwa vijito. Na kwa pande zote mbili, Wachinook walioleta samoni na ngozi hawakuhesabiwa kuwa na dai lolote, ingawa bila wao Gray asingekuwa na sababu ya kukaa hata siku moja.

Mkataba wa tarehe 15 Juni 1846 uliweka mpaka kwenye latitudo ya nyuzi 49, ukiipa Marekani mlango wa mto pamoja na bonde lake la chini, na kuiachia Uingereza sehemu za juu ambako mto unaanzia. Mwaka 1858, Malkia Victoria alipolazimika kulipa jina koloni jipya la upande wa kaskazini wa mpaka, alichagua British Columbia.